Aliyeniita Jina la Kabla ya Jando

Nianze na ujinga wangu, mkishaucheka mtanisikiliza vizuri. Simu iliniambia niandike jina langu la utotoni nitabiriwe nyota bure, na mimi, mtu mzima wa Lionja mwenye kidato cha nne chake, nikaliandika. Chini kulikuwa na maandishi madogo kama chawa, na neno moja kubwa: NAKUBALI. Kusoma najua. Uvivu tu, nilikuwa nimejilaza mkekani, kazi ninayoiweza kuliko zote. Nikabonyeza.

Asiye wa huku nimweleze: jina la utotoni tunaliacha jandoni. Ukitoka unapewa jipya, na anayekuita la zamani amekutukana, wazee watamtoza kuku. Langu lilikuwa halijatamkwa tangu sijaota ndevu.

Sasa yaliyofuata niliyaona kwa macho haya, mniamini msiniamini. Kesho yake, jua likizama, mke wangu yuko Chinongwe kwa mama yake, nikasikia mtu anapiga hodi na kuniita jina lile. Nikatoka na mchi wa kutwangia, ndiyo silaha niliyoiona karibu. Uani amesimama kijana mtanashati, shati jeupe halina hata chembe ya vumbi. Vumbi la Lionja unalijua wewe? Kuku wetu akampita mguuni. Sisemi kati ya miguu miwili. Nasema ndani ya mguu mmoja, akatokea upande wa pili huku anadonoa.

"Mgongo bado unakuuma," akasema, anachekacheka kama machinga wa vyombo. "Tuna godoro la dawa."

"Nani kakuruhusu uniite hivyo?"

"Wewe. Si ulikubali?"

Hebu fikiria: jini zima, limetoka huko lilikotoka, limekuja kuuza godoro! Majini ya bibi yangu yalikuwa na heshima zao, yakipata ubani yanaondoka. Hili lilitaka kujua kama nalala chali au ubavu.

Nikamwambia simtaki, aende zake na jina langu aliache. "Hakuna shida, kaka. Kujitoa, bonyeza hapa." Akanyoosha kiganja. Hakikuwa na mstari hata mmoja, laini kama kioo cha simu. Na mimi, kwa akili zangu zilezile, nikabonyeza.

Wakawa wawili. Wakaniita kwa pamoja.

Nilijifungia. Asubuhi uani hapakuwa na unyayo ila wa kuku. Lakini kila mtu mwenye namba yake kwenye simu yangu alikuwa amepata ujumbe: rafiki yako fulani anakushauri ununue godoro. Huyo fulani ni lile jina! Limefika Nachingwea mjini, limevuka hadi Ruangwa, hadi kwa mama mkwe. Watoto wa shule wananiimbia nikipita. Nimtoze nani kuku? Kitu kisicho na unyayo?

Basi wewe unayesoma, simu ikikuuliza jambo lako la ndani, jiulize kwanza inalitakia nini. Na lile neno kubwa usiliguse hujasoma yale madogo.

Juzi nilikwenda kwa Bakari, jirani yangu tuliyeingia naye jando msimu mmoja, anisindikize kwa mganga. Hakuacha hata kubangua korosho zake. Akasema: "Watu walikesha porini wakupe jina la kiume, wewe umelirudia la kitoto kwa kidole kimoja. Mganga wa nini? Tangu leo hata mimi nakuita hilohilo."