Jibu la Ninahazwe Lililokatwa Kichwa

Ninahazwe hakuwa mtu wa siasa. Alikuwa mtu wa kuamka alfajiri, kuvaa sare ya bluu, kupanda treni pale Guildford, magharibi mwa Sydney, na kwenda upande wa mashariki wa jiji kuhudumia wazee kwenye makao yao. Kazi hiyo aliishika tangu yeye na mumewe Gad walipoletwa Sydney kutoka kambi ya wakimbizi kule Kigoma, na aliipenda kuliko alivyokuwa tayari kukiri.

Aliyemwingiza kwenye kampeni ni Wangari. Huyu alikuwa Mkenya, mfanyakazi wa ustawi wa jamii, mwanamke mwenye sauti nzito na viatu vilivyochakaa. Gad alipoumia mgongo kwenye ghala alikofanya kazi, wakuu wake wakamwambia akapumzike tu nyumbani. Wangari ndiye aliyezunguka naye ofisi moja hadi nyingine, akibishana kwa niaba yake mpaka akatibiwa. Basi Wangari aliposimama kugombea ubunge kwa tiketi ya chama kidogo cha mrengo wa kushoto, Ninahazwe hakuuliza sera. Alivaa fulana ya chama, akachukua vipeperushi, akaenda kusimama nje ya kituo cha kupigia kura mapema.

Mambo yalikuwa yameshaanza kuharibika. Miezi kadhaa nyuma Wangari alikuwa amehutubia maandamano ya kupinga vita vya Gaza, na gazeti moja likachapisha picha yake akiwa jukwaani. Nyuma yake kulikuwa na mwanamume aliyebeba bango lenye maneno machafu juu ya Wayahudi. Wangari alisema hakuliona. Alililaani siku hiyohiyo na akaendelea kulilaani kila alipoulizwa, na aliulizwa kila siku. Akienda redioni kuzungumzia hospitali, anaulizwa bango. Akienda kwenye mdahalo kuzungumzia nyumba, anaulizwa bango. Wapinzani wake waliulizwa wanafikiri nini juu ya bango. Ikafika mahali watu wa Guildford wasiojua hata jina lake kamili walimjua kama yule mama wa bango.

Ninahazwe hakuichukulia habari hiyo kirahisi. Baadhi ya wenzake kwenye kampeni walisema hizo ni fitina tu, hakuna chuki yoyote, watu wanatafuta kura. Yeye moyoni hakukubaliana nao. Kule kazini alimhudumia Bibi Ilona, Myahudi wa kutoka Hungaria, ambaye katika utoto wake alifichwa na watawa huku ndugu zake wakichukuliwa na Wanazi. Mwaka huo masinagogi ya jijini yalikuwa yamepakwa maneno ya chuki ukutani, na Bibi Ilona, ingawa kumbukumbu zake zilikuwa zimechakaa, alianza tena kuuliza kama mlango umefungwa. Ninahazwe alikuwa akienda kuutikisa mbele yake ili aone. Ndipo anakubali kuogeshwa.

Asubuhi moja alimjia kijana mwenye simu iliyofungwa kwenye kijiti. Alikuwa na adabu. Alimwuliza kama haoni aibu kumfanyia kampeni mtu anayewachukia Wayahudi. Angeweza kumpuuza tu, kama walivyofundishwa kwenye kampeni. Lakini swali lilimgusa, akaona linastahili jibu. Akajibu kwa Kiingereza chake, polepole, akichagua maneno:

"Wangari hachukii Wayahudi. Mimi kila asubuhi namwogesha bibi Myahudi, na nampenda. Lakini lile bango ni baya, si jambo la kuchekea. Nilipokuwa mtoto kule Burundi, jirani alikuwa akitusema hivi: wale watu ni nyoka, wana sumu tangu wanazaliwa. Ndivyo inavyoanza. Baadaye tulikimbia, na wengine hawakupata nafasi ya kukimbia."

Kijana alimshukuru, akaondoka. Ninahazwe alirudi nyumbani mwepesi. Jambo hilo la nyoka hakuwahi kumwambia mtu yeyote hapa Australia, hata binti yake Ineza. Alimsimulia Gad wakati wa chakula, na Gad akasema amefanya vyema.

Kesho yake alikuwa kwenye chumba cha mapumziko kazini, anakula wali wa jana, televisheni inaongea yenyewe ukutani. Akaona fulana anayoijua, kisha mdomo wake mwenyewe. Mdomo ukasema: wale watu ni nyoka, wana sumu tangu wanazaliwa. Hapo video ikaishia. Mtangazaji, kwa sauti ya tahadhari, akasema huyo ni mfuasi wa Wangari ambaye anaonekana kuwazungumzia Wayahudi, na kwamba mgombea anatakiwa kutoa maelezo. Ilikuwa imeanzia kwenye ukurasa mmoja wa mtandaoni usiku, ikapita redioni na magazetini asubuhi, sasa iko kila mahali.

Katungu, Mkongomani aliyekuwa akifanya naye kazi, alisimama akaizima televisheni. Ninahazwe aliendelea kushika kijiko chake, akiikodolea macho skrini iliyozimwa kana kwamba wangeirudisha waonyeshe na yale mengine.

Kabla shifti haijaisha, meneja alimwita. Hakumfokea. Alisikiliza maelezo yote, akaitikia kwa kichwa, kisha akasema familia kadhaa zimepiga simu, na kwa usalama wake mwenyewe atahamishiwa ghorofa ya juu. Ninahazwe aliuliza nani atamwogesha Bibi Ilona. Meneja akasema watapanga.

Nyumbani alimkuta Ineza akiandika kwenye simu machozi yakimtoka, akiwajibu watu mmoja mmoja kwamba mama yake hakusema hivyo. Wao walimjibu kwa matusi na kumwambia arudi kwao. Mama yake alimwomba aache. Ineza akajibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba akiacha itaonekana ni kweli. Mtoto alikuwa amesema kweli, na kuendelea nako hakukusaidia kitu.

Jioni hiyo chama kilitoa taarifa fupi: mhusika si sehemu ya kampeni tena, na chama hakivumilii chuki ya aina yoyote. Ninahazwe aliisikia redioni kwanza, ndipo Wangari akapiga simu.

"Mama Ineza, najua ulichosema. Nakujua," alisema Wangari. Sauti yake nzito ilikuwa imekauka.

"Basi waambie, dada."

"Nikieleza, wataicheza tena kesho, na keshokutwa. Kila maelezo yanawapa siku nyingine. Watu wangu wameniambia tukuache uende, halafu tuendelee. Nisamehe. Kaa nyumbani kidogo."

Ninahazwe alisema sawa. Gad alichukia, akataka kwenda kwenye ofisi ya kampeni. Mkewe akamwuliza akifika atamwambia nini Wangari ambacho Wangari hakijui. Gad akakaa.

Siku chache baadaye mtoto wa kiume wa Bibi Ilona alimngoja karibu na lifti. Alikuwa mzee naye, mwenye nywele nyeupe. Alisema ameitazama ile video mara nyingi, kwa kuwa haikufanana na mwanamke anayemfahamu, na akaona ilivyoanza ghafla, katikati ya pumzi. Ninahazwe akamwambia yaliyotangulia na yaliyofuata. Yule mzee alifunika macho kwa kiganja.

"Nakuamini," alisema. "Lakini wajukuu zangu wanasoma shule yenye walinzi getini. Binti yangu hatakubali urudi kwa mama yangu. Anaogopa, na sijui nimwambie nini ili asiogope."

"Bibi anaogeshwa na nani?"

"Anakataa. Anauliza uko wapi."

Walisimama hapo, kila mmoja akiwa na huruma kwa mwenzake na hakuna mwenye uwezo wa kufanya kitu. Lifti ikaja, yule mzee akaingia.

Wangari alishindwa uchaguzi. Wengine walisema ni kwa sababu ya bango, wengine kwa sababu ya nyoka, wengine kwamba chama kidogo kama kile hakingeshinda hata mbingu zikifunguka. Ninahazwe hakupata kujua, na hilo lilimkera kuliko kushindwa kwenyewe, kwani hakuweza kujilaumu sawasawa wala kujisamehe.

Kumbe mama mmoja wa chama pinzani, aliyekuwa akigawa vipeperushi vyake jirani, alikuwa amerekodi jibu lote kwa simu yake. Alilipeleka gazetini kwa moyo mwema. Gazeti lilichukua muda. Kura zilipokwisha kuhesabiwa, liliongeza mstari chini kabisa ya habari yake ya zamani juu ya Ninahazwe, kwa maandishi madogo, kwamba matamshi yale yalinukuliwa bila muktadha wake kamili. Ineza ndiye aliyeuona, akamletea mama yake simu. Ninahazwe aliusoma, akauliza kama televisheni nayo itasema. Ineza akatikisa kichwa. Ile video fupi bado ilikuwa ikizunguka, imeshapata watazamaji zaidi ya wakazi wote wa Guildford.

Hakurudishwa ghorofa ya chini. Katungu alimletea habari: Bibi Ilona sasa anaogeshwa na watu wawili, analia, na siku hizi haulizi tena habari za mlango wala za mtu yeyote.

Kanisani walimwomba asimame aeleze, watu wamfahamu. Alikataa. Chibalonza, kiongozi wa akina mama, alimsihi mara nyingi, akimwambia ukweli wake ni mzuri. Ninahazwe alimjibu kwamba hata siku ile ulikuwa mzuri.

Sasa akiwa kwenye treni mtu akimwuliza kama inapita kituo cha Parramatta, hafungui mdomo. Anaitikia kwa kichwa, au anaonyesha ramani iliyo juu ya mlango, kisha anageukia dirishani mpaka mtu huyo aende zake.