Chumvi ya Bunju

Baba alikubali nimlete samaki bunju nyumbani kwa sharti moja. "Akifa huyu, khalas. Sitaki tena kuona mnyama ndani ya nyumba hii, hata mchwa." Alikuwa na sababu zake. Kabla ya bunju palikuwa na kobe aliyepotelea ndani ya kochi, na kabla ya kobe palikuwa na jogoo asiyejua saa.

Bibi, aliyezaliwa Unguja, aliposikia jina alishika kifua.

"Bunju? Huyu huyu wa sumu? Kwetu hata paka hamli!"

"Simli, bibi. Namfuga."

"Tobaa! Wenzio wanafuga kasuku, wewe unafuga mauti."

Mauti yenyewe yalienea kwenye kiganja: mgongo wa kijani wenye madoa meusi, tumbo jeupe, macho yanayozunguka kila moja kivyake, na mdomo uliobanwa kama wa naibu mkuu wa skuli yetu anaposubiri uongo wako uishe. Nilimpenda palepale.

Muuzaji wa samaki wa kufuga hapa Ibra, mji wetu wa bara, aliniambia nimtie kwenye maji matamu ya bomba tu. Nikamtia kwenye tangi la kioo sebuleni. Haukupita muda tumbo likaingia kijivu na chakula akawa anakiangalia tu. Nikakaa na simu mpaka nikaelewa. Bunju wa aina hii hukaa kwenye mikoko, pale mto unapokutana na bahari, maji yakiwa ya chumvichumvi. Maji matamu humdhoofisha polepole, na ukimtumbukiza ghafla kwenye maji ya bahari, unamuua upesi. Anataka ya katikati, na katikati yenyewe si ya kubahatisha.

Tatizo, Ibra haina bahari. Ina mitende, mifereji ya falaji na vumbi. Nikampigia simu ami yangu anayekaa Sur, pwani.

"Shikamoo, ami. Ukija Ijumaa niletee maji ya bahari."

"Marahaba. Maji ya bahari? Nani karogwa?"

"Hakuna aliyerogwa. Ni ya samaki."

"Wallahi nyumba yenu! Watu wanatoa samaki baharini, nyie mnampelekea bahari kwa gari."

Lakini aliyaleta, madumu mawili yamejaa, na gari lake likanuka pwani mpaka akaapa hataki tena kumsikia bunju.

Nilikuwa na kipima chumvi, kikopo cha plastiki chenye sindano ndani. Unakijaza maji ya tangi, na sindano inapanda kadiri chumvi inavyozidi. Kwa rangi ya kucha ya mama nikachora alama pale nilipotaka sindano ifike, kama robo ya njia ya kwenda kwenye bahari kamili. Kila siku nikawa natoa kikombe cha maji matamu na kutia kikombe cha bahari. Sindano ikapanda kidogo kidogo, na tumbo la bunju likaanza kurudi jeupe.

Ikaingia Ramadhani. Jioni moja kwenye futari nikajigamba mbele ya nyumba nzima: "Bunju wangu alikuwa na ukosefu wa chumvi tu. Akipata chumvi yake, atapona."

Bora ningenyamaza.

Jiko letu mwezi wa Ramadhani lina utaratibu wake. Bibi anasema mpishi aliyefunga anaweza kuonja kwa ncha ya ulimi kisha akatema, ila mama anaogopa kumeza, kwa hiyo haonji. Kila anayepita karibu na sufuria anajiuliza, "Hivi imetiwa chumvi?" na kwa usalama anatia kidogo. Siku nyingine muhogo wa nazi unalika. Siku nyingine tunakunywa maji mpaka tarawehe.

Siku chache baada ya majigambo yangu, sindano ikapita alama. Nikadhani ni kiyoyozi kinachokausha maji, maana maji hukauka na chumvi hubaki. Nikaongeza maji matamu. Kesho yake ikawa juu zaidi. Bunju akajibana pembeni, anahema mbio. Nilimletea konokono kutoka falaji, chakula anachohitaji kweli kwa kusagia meno yake yasirefuke, na hata hakugeuza jicho.

Baba alipita akasimama. "Huyu anakufa."

"Hafi," nikasema.

Siku ile nilirudi kutoka skuli nikajilaza kwenye kochi mbele ya tangi, nikajifanya nimelala. Si muda, bibi akaja na kanga yake, vidole vimebana kitu. "Bismillahi," akanong'ona, akaachia chumvi ndani ya tangi.

"Bibi!"

Aliruka kama msichana. "Chembe tu! Maskini, leo hajatiwa."

"Nani kakwambia hajatiwa?"

"Mie nimemtia asubuhi," mama akaitikia kutoka jikoni.

Nikamgeukia baba. Alikuwa anasoma simu yake kwa bidii isiyo ya kawaida. "Kidogo tu," akasema. "Nilipokuwa natoka kwenda msikitini."

Baba! Mtu wa hata mchwa!

"Basi kesho mtieni na nazi," nikasema, "tumfuturu kabisa."

Bibi akataka tumwage maji yote tutie mapya. Nikakataa. Mabadiliko ya ghafla yangemmaliza. Nikaanza upya na kikombe changu: natoa maji yao ya mchuzi, natia maji matamu niliyochanganya na ya Sur kidogo, kwa sababu chumvi ya jikoni si bahari. Nikafanya hivyo kabla ya skuli, baada ya alasiri, na baada ya tarawehe. Kisha nikakusanya chumvi yote ya nyumba, kopo, pakiti ya akiba, hata kile kichupa cha pikiniki ya Wadi Bani Khalid, nikaitia ndani ya begi la skuli na kufunga zipu.

Adhana ikalia. Tende, maji, kisha muhogo. Baba akatafuna, akaacha kutafuna.

"Muhogo huu una nini?"

"Hauna kitu," mama akasema. "Nimetafuta chumvi nyumba nzima."

"Ipo," nikasema. "Kati ya kitabu cha hesabu na cha fizikia."

"Ilete."

"Mpaka sindano irudi kwenye alama, baba."

Nilisubiri kandambili iruke. Baba akaangalia tangi, akaniangalia mimi, akavuta ndimu, akaikamulia kwenye muhogo na kuendelea kula. Siku zilizofuata tulifuturu kwa ndimu na pilipili, bibi akilalamika kwamba sasa anayefungishwa ni yeye na anayefuturu ni bunju.

Sindano ikashuka polepole, mpaka alasiri moja ikagusa rangi ya kucha. Nikadondosha konokono. Bunju akatoka pembeni, akamzunguka, akamtazama kwa jicho moja, kisha kwa la pili. Krak! Ilisikika mpaka jikoni.

Bibi akaja mbio, baba nyuma yake.

"Imekolea?" bibi akauliza.

"Imekolea, bibi."

"Haya, nipe chumvi yangu."