Vidonge vya Mama Pindo

Walimwita Mama Pindo kwa kuwa hakuna aliyepinda nguo kama yeye. Alimpima mteja mara moja tu, na vipimo vikakaa kichwani mwake miaka.

Alipoteleza bafuni akaumia mgongo, mdogo wake wa kike, muuzaji wa duka la dawa, alimletea vidonge kwenye kopo lisilo na maandishi.

"Ni vya kawaida tu, dada. Meza asubuhi na jioni."

Maumivu yalitulia. Mgongo ukapona, vidonge vikaendelea, maana akichelewa kumeza alitetemeka na kutokwa jasho. Ndipo usahaulifu ulipoanza. Alishona gauni lenye mikono miwili ya kushoto. Alimpima bibi harusi, na kabla hajakunja futi, vipimo vyote vimeyeyuka. Cherehani mpya alifundishwa, akasahau, akafundishwa tena. Wateja wakanong'ona.

"Umri huo," mdogo wake aliwaambia ndugu wote. "Akili ya dada inazeeka."

Mama Pindo aliamini, akafunga karakana.

Binti yake alipokuja likizo, hakukubali. Alimpeleka hospitali na kopo lake. Daktari alikigeuza kidonge kiganjani, akasoma alama.

"Mama, hii ni dawa kali, jamii ya afyuni. Ubongoni kuna vipokezi inavyovishika, kama ufunguo na kufuli. Vinatuliza maumivu, lakini vipo pia kwenye sehemu za kujifunza na kukumbuka. Dawa ikivikalia kutwa kucha, jambo jipya halishiki vizuri. Kinachoshika sana ni ile raha ya kidonge."

Kweli. Vipimo vilimtoka, lakini kopo lile likitikiswa alilisikia hata akiwa uani.

Alimfuata mdogo wake nyumbani kwake.

"Ulijua?"

"Ulikuwa unalia, dada. Nilitaka upumzike. Baadaye nikaogopa kusema."

"Ukaona afadhali niitwe punguani."

Mdogo wake akainama. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga. Naye Mama Pindo alikuwa ameshinda maisha yake yote kwenye nguo, asimwone.

Aliacha dawa kidogo kidogo, akisimamiwa na daktari, kwa mateso makubwa. Karakana ikafunguliwa. Kumbukumbu zilirudi, si zote; sasa hupima mara mbili kabla ya kushika mkasi. Mdogo wake akija kusalimia, humkaribisha, humpa kiti, huzungumza naye habari za watoto. Lakini kichwa kikimuuma, hulipita duka lake bila kugeuka, huenda kununua dawa mtaa wa pili.