Maji Niliyokataa Kummwagia Baba Mikononi

Admin, tafadhali nifichie jina langu na la shule yangu. Nina miaka kumi na saba, naishi Al Muraqqabat na baba yangu, ambaye ni mpishi msaidizi katika hoteli moja hapa Deira, huku Uarabuni. Sisi ni Wakenya. Shuleni ni Kiingereza mwanzo mwisho. Kiswahili nilikuwa nakiongea na mama kwenye simu, yeye akiwa Kitale. Mimi si mtu wa maneno mengi, hata haya nimeyaandika nikayafuta mara nyingi. Msinihurumie sana, kwa sababu sijisikii vibaya. Sijisikii chochote, na hilo ndilo linaniogopesha.

Mwaka jana mwezi wa tatu nilifanya mtihani mkubwa wa shule. Wiki kadhaa kabla ya hapo, kila nikiuliza habari za mama baba alikuwa na jibu. Simu yake imeharibika. Ameenda kwa nyanya. Kisha akasema anaenda kozi ya kazini Fujairah siku tano, akaniacha na Anti Nakato, Mganda tunayekaa naye fleti moja. Anti akawa ananikaangia mayai mawili badala ya moja, na hanitazami usoni. Nikadhani kazi zimemchosha.

Nilipomaliza karatasi ya mwisho baba akasema, "Yalla, funga begi, tunaenda Thailand." Anko Niran, mpishi mkuu wao, alikuwa anakwenda kwao Chiang Mai kwa sikukuu ya mwaka mpya wao, akatukaribisha kwa wazazi wake. Naona aibu kusema hivi, lakini nilifurahi sana. Niliwaambia darasa zima.

Chiang Mai ni mji wa kale. Katikati yake pamezungukwa na mfereji mpana wa maji na mabaki ya ukuta wa matofali. Wakati wa sikukuu ile watu humwagiana maji barabarani mchana kutwa, wakubwa kwa wadogo, na hakuna kukasirika. Tulikuwa tumekaa kando ya ukuta, tumelowa chapachapa, ndipo baba akaniambia mama alifariki mwezi wa pili. Presha. Alilazwa siku moja tu. Walikuwa wameshamzika, na baba hakwenda Fujairah, alikwenda mazishini. "Watu wote nyumbani walisema umalize mtihani kwanza," akasema. "Halafu nikaona nikuambie mahali ambapo hakuna mtu wa kukupigia mayowe." Kabla sijajibu, mtoto mmoja akatumwagia ndoo nzima, akakimbia akicheka. Sijui kama baba alikuwa analia. Uso wake ulikuwa umelowa kama wa kila mtu pale. Mimi nikauliza, "Zile soksi nilizomtumia zilifika?" Akasema zilifika. Nikasema sawa.

Kesho yake asubuhi, nyumbani kwa Anko Niran, wazee walikaa kwenye viti na vijana wakapiga magoti mmoja mmoja, wakiwamwagia maji yenye maua kwenye viganja. Anko Niran akanieleza kwamba anayemwaga anaomba msamaha kwa yote aliyomkosea mzee mwaka mzima, na mzee humbariki. Mama yake Anko Niran akamkalisha baba kiti cha mwisho, akanipa bakuli. Kumwaga maji kwenyewe nilikujua. Mama alinifundisha kunawisha wageni kabla ya chakula: jagi mkono wa kulia, beseni kushoto, usimwage haraka kama unayewafukuza. Baba akanyoosha mikono. Nikawaza, kwa nini mimi ndiye niombe msamaha? Nikaweka bakuli chini, nikatoka. Nilipogeuka mlangoni, mikono yake ilikuwa bado imenyooshwa.

Tangu siku ile mazungumzo yetu ni "umekula?" na "nimekula". Sijalia hata mara moja. Kila mtu anadhani nina hasira na baba, na wanasema ni haki yangu.

Sasa kuna kitu sijamwambia mtu. Jumapili ya mwisho ya uhai wake, mama alipiga simu. Baba akaniletea hadi mezani. Nilikuwa nasoma fizikia. Nikamwashiria kwa kalamu, nikanong'ona, mwambie nitampigia nikimaliza mtihani. Nikamsikia mama akicheka kule: "Mwache asome, huyo ndiye atatujengea." Sauti yake sikuisikia tena.

Wiki mbili zilizopita mama mdogo, dada yake mama, alipiga kupanga habari za kuweka msalaba kaburini. Simu ya baba ina sauti kubwa, nikasikia kila kitu. "Shemeji, dadangu aliniambia alipiga Jumapili ile aongee na mtoto. Ulishindwa hata kumpa simu?" Baba akaweka kisu chini. Halafu akasema, "Nilisahau, shem. Ni kosa langu. Khalas, tuyaache." Nilikuwa nimesimama mlangoni mwa jikoni na sahani mkononi. Akaniona. Akainama, akaendelea kukata vitunguu.

Juzi maji yalikatika jengo zima. Baba alikuwa anakanda unga wa chapati. Akaniita, "Mwanangu, niletee yale maji ya jagi ninawe." Nikaleta. Akanyoosha mikono juu ya sinki, imejaa unga. Nikataka kumwaga, kweli nilitaka. Nikaliweka jagi pembeni yake, nikaenda chumbani. Nikamsikia akijimwagia mwenyewe, mkono huu, halafu mkono ule.

Mwezi wa nane tunakwenda Kitale. Mama mdogo atauliza tena mbele ya watu wote, na najua baba atajibu kwamba alisahau. Nimwache aseme hivyo? Au niseme mimi, tena bila chozi hata moja usoni, na nikisema nianze na nani? Nielekezeni, jamani. Nitasoma kila jibu, hata la kunigombeza.