Taa ya Bosi

Kuna ofisi moja hapa Kigoma, siitaji kwa sababu shida yangu bado iko mezani kwao. Juzi tulimkuta fundi anaunganisha kibao cha vitufe kwenye simu ya sekretari. Kila afisa ana kitufe chake chenye taa: taa ikiwa ya kijani yuko huru, ikiwa nyekundu anaongea na simu.

Fundi alipomaliza kueleza, sekretari akatugeukia sisi wa kwenye benchi. "Bosi anaongea na Dodoma. Subirini."

Mama mmoja wa Ilagala akanyoosha kidole. "Mbona taa yake ya kijani?"

"Fundi, kitufe cha bosi kibovu," sekretari akasema.

Fundi akakijaribu. "Kizima kabisa, dada."

"Ndiyo ubovu wenyewe. Kifanye kiwe chekundu."

Fundi akakohoa, kisha akabonyeza kibao na kuifunga simu ya bosi isipokee simu ya mtu. Taa ikawa nyekundu. Sekretari akakunja nne.

Punde mlango ukafunguliwa, bosi mwenyewe. "Simu yangu imekufa? Nawasubiri Dodoma wanipigie tangu asubuhi!"

Yule mama akainuka, akakaza khanga. "Pole na maongezi, mwanangu," akasema, akampita mlangoni, akaenda kukaa ndani.

Ofisi zote zifungiwe kibao hicho. Ila benchi la wanaosubiri liwekwe upande wa taa, kama letu.