Jina la Baba Mkwe

Tiyezge alikuwa mkamwana wa Kingoni hasa. Miaka kumi na mmoja katika boma lile, na jina la baba mkwe halijawahi kumtoka kinywani. Alitaje? Thubutu! Kwao ni mwiko. Basi mzee alipolazwa hospitalini kwa malaria iliyommaliza damu, na nesi akaleta mfuko wa damu akauliza mgonjwa wake anaitwa nani, Tiyezge alipiga goti, macho chini, akajibu, "Jere." Nesi huyo mgeni wa kusini hakujua kwamba nusu ya wodi ni akina Jere. Mzee mwenyewe alipoitwa hivyo akaitika, maana ndio ukoo wake. Damu ikatundikwa.

Haikupita robo saa, mzee akaanza kutetemeka, meno yanagongana.

"Mgongo wangu unakatika," alinong'ona.

"Malaria hiyo inamtoka," alisema mama mmoja aliyeuguza mgonjwa wa kitanda cha jirani, mjuaji wa kila kitu. "Mfunike blanketi. Damu mpya hugombana na ya zamani, zikizoeana atatulia."

Tiyezge akamfunika. Lakini jasho lilimtiririka mzee, pumzi zikaenda mbio, na mkojo kwenye chupa ukawa mwekundu wa kutisha.

"Kuna kitu kinaniua," mzee akasema. Naye hakuwa mtu wa kulalamika.

Tiyezge akakimbilia mezani kwa nesi. "Sista, ile damu inamdhuru baba!"

"Baba yupi? Kumbe humu daftarini Jere ninao wanne! Jina lake kamili, dada, haraka!"

Mama mkwe alikuwa ameketi mkekani hatua mbili tu, anamkodolea macho. Akinyamaza, mzee anakufa. Akisema, atarudi vipi bomani?

"Dada, mbona husemi?"

"Yobe!" alipiga kelele. "Yobe Jere!"

Nesi akatazama mfuko: Samsoni Jere. Lahaula! Akafunga mrija, akamwita daktari.

"Umetuvua nguo mbele za watu!" mama mkwe alifoka. Hata yeye, kwa miaka arobaini, alimwita mumewe "baba Themba" tu, kwa jina la mtoto wao.

Mzee alinusurika, ila damu ilikuwa bado inahitajika. Kesho yake asubuhi nesi alirudi na mfuko mwingine.

"Jina la mgonjwa? Lote."

Tiyezge alipiga goti. Hakuthubutu kuinua uso.

"Yobe," mama mkwe akasema nyuma yake, analia. "Andika, sista. Yobe Jere, mume wangu."