Mzee Bahati na mimba isiyo yake

Leo programu yangu imempa mwanaume mimba.

Kwa msiojua kazi yangu: natengeneza programu inayopokea majibu ya maabara ya mji wa Mbarara na kuyafikisha kliniki huku kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda. Jina na tarehe ya kuzaliwa vikilingana, mgonjwa anapata ujumbe kwenye simu.

Asubuhi, nikiwa kliniki, akaingia Mzee Bahati, Mkongomani, na mkewe nyuma yake. Akamwonyesha sista simu.

"Muganga, banasema niko na mimba. Na damu yangu haitoshi."

Mkewe hakucheka. "Tunauliza tu, ni ya nani?"

Sista akageukia ukuta. Mabega yanamtikisika.

Nikafungua kompyuta. Kumbe kuna Bahati mwingine, mama mjamzito wa kijiji cha Kashojwa. Wote wameandikwa wamezaliwa tarehe moja Januari, mwaka uleule wa kukisia, kama wengi hapa wasioijua siku yao. Na mimi sikuiambia programu iangalie jinsia.

Mzee akauliza, "Sasa ule mama, anajua?"

Hajui. Ujumbe wake umekaa kwenye simu ya mzee tangu juzi.

Sista akaacha kucheka, akapiga simu. Mama akaletwa na bodaboda, midomo imempauka, hawezi kusimama. Gari likampeleka Mbarara kuongezewa damu. Jioni hii wamesema anaweza kukaa, anakula, na mtoto anacheza tumboni.

Jinsia nimeiweka. Namba ya kadi ya kliniki pia.

Ila nisaidieni, ningemjibu nini mke wa mzee? Wakati wa kuaga aliniambia hivi:

"Akizaa, mutuite. Ule mutoto alifikia kwetu kwanza."